Njooni Mpimwe Kaburi Mngali Wazima

Kitongoji cha Chilendu,
Mbele ya Hombolo, pale barabara inapokata tamaa.
Mwezi wa nane, mtama umeshaingia ghalani.

Kwa Ndugu Katibu,
Umoja wa Wazaliwa wa Chilendu Waishio Mjini,
Mkonze, Dodoma.

YAH: MALALAMIKO DHIDI YA WANACHAMA WAKO WANAORUDI NYUMBANI WAKISHAKUFA TU

Ndugu Katibu, mwanangu Restuta binti Obedi,

Marahaba. Najua hujaniamkia, lakini mimi si mtu wa kinyongo, naitikia kabisa ili tusonge mbele.

Kwanza nikuondolee wasiwasi: siandiki kwa shida. Mimi Lameck Chitema ndiye mtu mwenye bahati kuliko wote waliobaki Chilendu, na nikisema wote usishtuke, hatufiki hamsini hata ukijumlisha mbuzi wa Ulimboka. Watoto wangu watatu wananigombania kama mpira wa kona. Wa Mwanza amenitengea chumba kinachotazama ziwa. Wa Dar es Salaam amenitengea chumba chenye feni mbili, ili moja ikichoka nyingine ishike zamu. Sabrina, kitinda mimba wangu, aliyeko hapo hapo Dodoma, mtaa wa Kikuyu, amepiga vigae hadi chini ya kitanda, mahali asipopaona mtu. Kila wiki simu inalia: "Baba, unakuja lini?" Nami nawaambia tulieni. Mtu aliyekuwa utingo wa malori miaka kumi na minne, aliyekula bukari, ule ugali wa Lubumbashi, na kubadilisha tairi Bujumbura huku bunduki zikilia, hababaishwi na vigae. Wengine wote mnasema jogoo wa shamba hawiki mjini. Mimi nawika popote, ila sipendi kuwaamsha watu waliopanga.

Naandika kwenye karatasi kwa sababu mwezi uliopita mlinitoa kwenye kundi lenu la WhatsApp, "Chilendu Damu Moja", eti sauti ninazorekodi ni ndefu. Damu moja, lakini admini anaweza kuimwaga. Basi barua hii anakuletea Rajabu wa dukani, ambaye kesho anakwenda mjini kufuata sukari. Mpe kiti akae. Na ukikuta kosa la kuandika, mlaumu mwalimu. Mimi niliishia darasa la tano, la sita nililisikilizia dirishani nikiwa na ng'ombe.

Malalamiko yangu ni haya.

1. Mlituacha tukamchimbia Hilda tunayemkumbuka.

Wewe ulikuwapo, lakini ulikuwa umevaa miwani myeusi, kwa hiyo nakueleza usichokiona. Marehemu Hilda, Mungu amweke pema, aliondoka Chilendu mwaka elfu moja mia tisa tisini na moja, akiwa msichana mwembamba kama fagio la chelewa. Hakurudi hata kuchuma mlenda. Mwezi wa sita mwaka huu akafariki huko Kikuyu, mkatupigia simu: "Chimbeni, mazishi Alhamisi." Sawa. Wachimbaji wa Chilendu, unatujua, tulikuwa wanne: mimi, baba yako Obedi, Rajabu wa dukani, na Ulimboka, ambaye goti lake ni la mapambo tu.

Sasa kwetu, kama umesahau, mwili hupimwa kwa ufito. Ndugu wa marehemu anakata ufito, anaulaza kando ya maiti, anaukata pale miguu ilipoishia, kisha analeta kwa wachimbaji. Jambo dogo. Mtoto anaweza. Tukangoja ufito, haukuja. Nikapiga simu kuuliza hata sentimita, akapokea mwanamke nisiyemjua akasema, "Kamati ya mapambo iko kikaoni, mzee, piga baadaye." Nikauliza, "Na kamati ya urefu je?" Akakata.

Basi tukakaa juu ya udongo, wazee wanne, tukaanza kumkumbuka Hilda. Baba yako akaweka kiganja kwenye bega lake: "Alikuwa ananifika hapa, siku ile ya kipaimara." Rajabu akasema, "Yule? Yule alikuwa anapenya katikati ya miti ya zizi wala gauni halichaniki." Ulimboka, ambaye zamani alimpelekea posa ikarudishwa, akasema, "Kiuno chake nakikumbuka vizuri." Nikamwambia, "Ulimboka, hatuchimbi kwa machungu yako. Taja upana." Akaonyesha kwa mikono. Rajabu akamwambia, "Punguza, huyo ni mama yako." Tukacheka mpaka sururu zikatuponyoka.

Tukachimba. Udongo wa huku ni mgumu kama moyo wa admini, juu changarawe, chini mwamba mweupe unaotoa cheche. Kufikia alasiri Jumatano kaburi likawa tayari, zuri, limenyooka, la kumtosha kabisa yule Hilda wa mwaka wa tisini na moja.

Ndipo mkatupigia tena: mazishi yamesogezwa Jumamosi, kwa sababu keki ya marehemu haijafika. Ndugu Katibu, mimi nimetembea. Nimeona Wakongomani wakicheza ngoma msibani mpaka jeneza likayumba. Lakini keki ya marehemu sijapata kuiona. Anayekata ni nani? Anamlisha nani?

Na unajua kabisa kwamba kaburi haliachwi likalala wazi. Likilala tupu linaita mwingine. Huko Bukoba wangeweka shina la mgomba, lakini huku kwetu mgomba tunauona kwenye kalenda. Ikabidi niende kwa dada yangu Penina nikaazime mchi wake wa kutwangia uwele. Tukaulaza mle ndani siku tatu usiku na mchana, Penina akila uwele usiokobolewa, ninyi mnangoja keki.

Jumamosi mkaja. Magari kumi na manne, sare za kitenge, picha ya marehemu kifuani, spika mbili kubwa kuliko kanisa letu, na kile kidege cha kupiga picha kilichowatawanya mbuzi wa Ulimboka hadi leo hajampata beberu. Nilipoingia kaburini kuutoa mchi, mshereheshaji wenu akadhani ni ibada. Akasema kwenye kipaza sauti, "Ndugu waombolezaji, tunaomba utulivu, mila inaendelea." Watu wazima wenye digrii wakapiga magoti mbele ya mchi wa Penina. Wengine walilia.

Kisha jeneza likashushwa. Likafika katikati likagoma.

Hilda alikuwa amenenepa, Ndugu Katibu. Amekuwa mama wa watu, mpana, mwenye heshima. Sisi hatumlaumu. Rajabu alininong'oneza, "Alhamdulillahi, angalau mmoja huko mjini alishiba." Lakini jeneza lilikuwa limekwama, halipandi, halishuki, vipini vimeng'ang'ania kingo, na mshereheshaji, maana huyo kazi yake ni kutokubali ukimya, akasema, "Tumpigie makofi marehemu, anaaga polepole." Mkapiga! Ndipo Rajabu akasema kwa sauti ambayo hata kidege kiliisikia: "Sisi maiti wetu hatumngojezi keki, na tunamjua ukubwa wake!" Mkamtazama kama kwamba yeye ndiye aliyekosea.

Tukalivuta juu, tukashuka tena sisi wanne, tukapanua saa nzima watu mia mbili wakiturekodi. Hapo ndipo mgongo wa baba yako ulipolia. Niliusikia. Ulilia kama ubao.

2. Maji ya chupa.

Baada ya kupanua, nikaenda kwenye turubai kuomba maji. Kijana mwenye orodha akaniambia, "Mzee, maji ni ya wenye sare." Nikajitazama. Nilikuwa nimevaa udongo wa ndugu yenu mwili mzima, kuanzia kope hadi kisigino. Kama hiyo si sare ya msiba, mimi sijui sare ni nini. Hili silifafanui zaidi, nisije nikaandika tusi likasomwa kikaoni.

3. Watani na akina mama.

Zamani, na zamani yenyewe si ya babu, nasema mwaka ule ulipoanza wewe darasa la kwanza, mtu akifa Chilendu majembe arobaini yalikuwa yanafika kabla ya pasta. Watu walikuwa wanagombea zamu ya kuchimba. "Toka, umeshachimba sana, unataka sifa!" Watani wanaruka ndani ya kaburi, wanajilaza, wanakataa kutoka mpaka wapewe jogoo. Wanamwambia marehemu usoni: ulikuwa bahili, ulikuwa unakoroma, mbuzi wangu ulimla wewe. Mjane analia, anacheka, kamasi zinachanganyika. Akina mama huku wanasonga ugali kwa zamu, wanasengenya, maisha yanaendelea.

Sasa watani wamehama, na mmetuletea wapishi wa kukodi waliovaa kofia nyeupe kama madaktari. Mama zetu walikaa mstari mmoja kwenye mkeka, mikono mapajani, wakihudumiwa wali uliofungwa kwenye karatasi ya kung'aa, kama wageni. Bibi mmoja aliniuliza, "Lameck, sisi hapa tumekuja kufanya nini?" Na Hilda mwenyewe, na unene wake wote, akazikwa kwa hotuba sita za sifa, bila hata tusi moja. Kama mtu asiye na kwao.

4. Mlimchukua Obedi.

Hili linakuhusu wewe mwenyewe, mwanangu, kwa hiyo naomba ulisome ukiwa umekaa. Jioni ile ile ulimpakia baba yako kwenye gari lililoleta jeneza, na mgongo wake, na kikapu chake, ukasema unampeleka hospitali. Hilo jema. Lakini mwezi wa pili huu hajarudi. Nasikia amekaa kwako Mkonze sebuleni, anatazama tamthilia za Kituruki, na anawajua wahusika wote kwa majina na ukoo. Ulikuja na maiti mmoja ukaondoka na mzima mmoja. Hiyo ni biashara gani? Mkiendelea hivyo, kila mkituletea mmoja mnabeba mmoja, nani atakayemzika wa mwisho? Atajizika mwenyewe, kisha ajirudishie udongo kwa meno?

Tumebaki watatu na magoti matano.

5. Penina.

Hapa ndipo penye jambo lenyewe. Dada yangu Penina unamkumbuka, ndiye aliyekukanda mgongo ulipoanguka kisimani. Mwanamke mrefu kuliko wote tarafa nzima. Wanaume wa Chilendu walikuwa wanamwogopa kumtongoza kwa sababu ilibidi watazame juu kama wanaangalia mvua. Tangu mtama uanze kukomaa hajasimama. Yuko kitandani, miguu imepita ubao wa mwisho wa kitanda, nimeweka kigoda kiishikilie.

Juzi nilimpelekea uji, akaniambia, "Lameck, mmebaki wangapi?" Nikamwambia watatu. Akahesabu kichwani, akasema, "Wewe una pumzi ya sigara, Rajabu ana duka, na Ulimboka ana goti. Mtanichimbia kishimo cha kuku." Nikamwambia, "Dada, nitakuchimbia mpaka Kongwa." Hakucheka. Akasema, "Msinikunje tu. Maisha yangu yote nimeinama kwenye milango ya tembe. Huko nataka nilale nimenyooka."

Ndugu Katibu, nilitoka nje nikachukua sururu, nikajaribu pale makaburini peke yangu, bila kumwambia mtu. Nilipiga tangu jua linachomoza hadi saa nne. Nilipata shimo la kupanda papai. Hiyo ndiyo hali halisi. Nataka wanaume sita wenye mikono, mwezi huu, si mwezi ujao. Wasije na spika.

Kwa kuwa mimi si mtu wa kulalamika bila kuleta dawa, naomba kikao chako kipitishe maazimio yafuatayo, na kama ajenda ni nyingi, ile ya rangi ya kitenge mnaweza kuiahirisha.

(a) Kila mwanachama aje Chilendu kila mwaka baada ya mavuno, apimwe. Ukuta wa nyuma wa kanisa uko wazi. Atasimama, tutampiga alama ya mkaa juu ya kichwa na alama mbili mabegani, jina na mwaka, kama tunavyopima watoto. Wa mjini wapimwe na tumbo, kwa ubavu. Hakuna tena kuchimba kwa kumbukumbu, maana kumbukumbu zetu zote ni nyembamba.

(b) Kwa kuwa wachimbaji tumekwisha, kila mwanachama ajichimbie kaburi lake mwenyewe angali ana nguvu. Anaweza kuanza Pasaka, akamalizia Krismasi. Mwamba ukimshinda, atajua kwa nini wazee huwa hawashangilii msiba wenye magari mengi.

(c) Mtauliza, na kaburi si haliachwi wazi? Nimelifikiria hilo, usinidharau. Aliyechimba atakuja mwenyewe kila Jumamosi kulitazama, na siku za katikati ataacha mtu wake, mke au mama mkwe. Huyo mtu hawezi kulala nje, kwa hiyo tembe la wazazi, lile ambalo paa limeingia ndani na mbuyu mchanga umeota jikoni, litaezekwa na kupigwa udongo upya. Udongo unataka maji, kwa hiyo kile kisima kilichokufa kitafufuliwa. Maji yakiwapo mtalima hata mchicha. Mama mkwe hawezi kukaa bila wajukuu, kwa hiyo wataletwa, na wajukuu watasoma, na shule yetu yenye wanafunzi kumi na saba itarudishiwa yule mwalimu wa hesabu aliyehamishwa. Shule ikijaa, timu itapatikana. Sasa hivi uwanjani limebaki goli moja, na golikipa ni ndama. Timu ikiwapo patakuwa na kelele, kelele zikiwapo watani watarudi, na mkishakuwa na nyumba, maji, mchicha, mpira na watu wa kuwatukana, naona hata kufa kwenyewe kutawapa uvivu. Makaburi tutapandia karanga.

(d) Asiyekubali yote haya azikwe hapo hapo Mkonze, kwenye kiwanja chake cha mita ishirini kwa ishirini alichotutambia, wima, ili abaki na nafasi ya kuegesha gari.

Nadhani nimeeleweka. Sijaandika kwa chuki. Mimi ninyi nyote nawapenda, na hata yule kijana mwenye orodha ya maji nimemsamehe, ila Mungu amkumbushe kiu kidogo. Wala usidhani nataka kuhama. Nimekwisha kusema vyumba ninavyo vitatu, na nimevikataa vyote. Mtu akiondoka, jina la kitongoji linabaki na nani? Chilendu hatoki mtu tena. Nimefunga mlango.

Msalimie sana baba yako Obedi, mwambie yule Mturuki atamwoa yule yule wa mwanzo, asipoteze machozi. Wasalimie wanakamati wote kwa vyeo vyao, waliovaa sare na waliokosa. Msalimie mshereheshaji. Mama yako mdogo Penina anakusalimu akiwa amelala. Ulimboka anakusalimu na anauliza kama kidege kilimpiga picha beberu wake akielekea upande gani.

Ni mimi, nisiye na muhuri lakini mwenye sururu,

Lameck Chitema,
Mchimbaji, kwa niaba ya wachimbaji waliobaki.

Tanbihi. Nilikwisha kuibandika bahasha, nimeichana. Nilikuwa naisoma kwa sauti, Penina akanisikia kutoka chumbani. Ameniambia, "Lameck, mwandikie mtoto wa watu ukweli."

Hamezi tena ugali. Leo siku ya tisa ni uji tu, na nusu unarudi. Zahanati ya karibu ni mwendo wa baiskeli wa saa mbili na hawezi kukaa kwenye baiskeli. Hao wanaume sita usiwatafute. Tafuta gari moja, wiki hii, lije limchukue, na mimi nipande naye. Chumba chochote kitatutosha, hata stoo. Akipona, tutabaki huko huko. Asipopona, mzikeni huko huko penye watu wengi, walau nafasi ya kunyooka itapatikana. Kitongoji kitajijua.

Na watoto wangu, Restuta, hawanigombanii. Sabrina alibadilisha namba. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuniita.